Shati la Josué

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimemfunga Josué kamba za viatu, kama kila asubuhi. Ana miaka minane. Mwalimu wake bado anamwita mvivu. Ni dispraksia: ubongo unajua, mikono haisikii. Nimemweleza mara mbili. Kichwa cha mwalimu nacho hakisikii.

Bima imekataa kulipia mazoezi ya tiba ya huyu mdogo wangu kule Kawale, Lilongwe. Mama anashona kwenye karakana ya shirika hapa kambini Dzaleka na kila mwezi anakatwa bima. Eti hili ni tatizo la shule, si la afya. Wajinga wenye kiyoyozi. Mtaalamu alisema bila mazoezi Josué atabaki hivi hivi. Tunakata rufaa.

Alhamisi, 15 Mei

Lilongwe. Mama alipiga pasi kabla hakujapambazuka. Watu wa kwetu Bukavu hawaingii ofisini ovyo, hata kama nyumba imewaangukia. Alimvalisha Josué shati jeupe, vifungo vyote mpaka shingoni. Viatu vinang'aa.

Bwana wa rufaa alimtazama kwa muda wa kupiga chafya. "Mtoto nadhifu kabisa. Tatizo liko wapi?"

Nilimtafsiria Mama. Akatabasamu! Akashukuru! Alidhani tunasifiwa.

Ripoti ya mtaalamu ilikuwa mezani. Hakuifungua. Namdharau yule mtu. Tai yake pia.

Ijumaa, 23 Mei

Wamekataa tena. Imebaki rufaa ya mwisho, mbele ya daktari wao. Nimemwambia Mama safari hii Josué avae mwenyewe. Aliacha kusonga nsima.

"Batasema mutoto hana mama! Mu Lilongwe yote!"

"Mama, vile njo bataelewa."

"Mi sitaki baelewe vile."

"Mi niko tayari," alisema Josué. "Ile shati njo haiko tayari."

Tulicheka sisi wawili. Mama hakucheka.

Jumanne, 3 Juni

Mama amekubali, lakini bila kuniangalia. Alikaa kitandani akaikalia mikono yake, isiende kumsaidia. Josué alipigana na shati mpaka akatoka jasho. Upande mmoja wa kola ulipanda sikioni. Viatu alivigeuza, cha kushoto mguu wa kulia. Kituoni wanawake walimpima Mama kutoka kichwani mpaka miguuni. Aliangalia mbele tu.

Daktari alimwomba Josué afungue vifungo, avifunge upya. Akasubiri. Sisi sote tulisubiri. Bwana wa rufaa alichungulia dirishani, amechoka, maskini.

"Lakini siku ile alikuwa amevaa vizuri," alisema.

"Alivalishwa na mama yake," nilisema. Kwa Kiingereza, kwa sauti. "Hukuuliza."

Daktari akaivuta ripoti, akaanza kuisoma. Ndiyo, kusoma. Kumbe inawezekana.

Ijumaa, 13 Juni

Wamekubali. Mazoezi ya mwaka mzima. Hakuna neno la samahani. Bwana wa rufaa alimwambia Mama kwenye simu, mimi nikitafsiri, kwamba "sasa ameona". Macho alikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Jumapili, 29 Juni

Tulichelewa kanisani. Kwaya ilikuwa imeshakaa. Shati la Josué lilikuwa limeruka kifungo kimoja, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Jirani yetu wa benchi akanyoosha mkono amrekebishe.

Mama aliushika ule mkono, taratibu, akaurudisha, akamwambia yule jirani:

"Umuache, mama. Amejivalisha yeye mwenyewe."