Jicho la Ochola

Jumanne, Homa Bay. Joto la leo halina adabu. Ziwa liko pale chini, lakini hata upepo wake umekataa kupanda mpaka hapa hospitalini. Nimeamka na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Wiki hii ni ya kujisomea kabla ya mitihani. Wenzetu wako chuoni Rongo wamejifungia laibrari. Sisi watatu tulijiona wajanja, tukasema tutoke nje ya nchi hata mara moja tu maishani. Nje ya nchi yenyewe ni Shirati, Tanzania, kwa shangazi yangu, kwa sababu huko kulala ni bure na kula ni bure. Tukapitia Migori, tukashuka Muhuru Bay, tukavuka mpaka kwa pikipiki tukiimba. Tulikuwa mimi, Odhis wa darasa letu, na Mutua, mpenzi wangu, mtu wa Machakos ambaye alikuwa hajawahi kuliona ziwa.

Yawa, tulikuwa na raha!

Jumamosi tulikuwa tunatoka kuogelea, kila mtu na chupa yake ya soda mkononi. Jirani ya shangazi alikuwa amefiwa na mumewe, na siku hiyo vijana wa boma lile walikuwa wanafanya tero buru. Kwetu Wajaluo kila mtoto anaijua. Vijana wanajifunga majani, wanatoka na ng'ombe, marungu na filimbi, wanakifukuza kifo kitoke nyumbani kwa marehemu. Wakikukuta njiani wanakukimbilia kama watakuua, rungu juu, halafu wanasimama mbele ya pua yako. Hakuna anayepigwa. Unasogea kando, wanapita, unaendelea na safari yako.

Mutua angejuaje? Kwao hakuna kitu kama hicho. Walipotokea kwenye kona, fahali mbele na vumbi nyuma, nilimwambia asiogope, ni matanga tu. Kwa zile kelele hata mimi sikujisikia. Wa kwanza alikuja moja kwa moja kwangu. Alikuwa Ochola, mtoto wa kwanza wa marehemu, macho mekundu kwa kulia, rungu limeinuliwa. Mutua akaruka mbele yangu akampiga chupa ya paji la uso.

Chupa ikapasuka. Ochola akaanguka magotini, damu ikimshuka mpaka kidevuni.

Kilichofuata hakikuwa mchezo tena. Yale marungu yote yaliyokuwa yanapiga hewa yakapata mwili. Nimekua nikisikia nyama ikikatwa buchari, lakini sauti ya rungu kwenye taya la mtu unayempenda haifanani na kitu. Odhis alitimua mbio, na nasikia alijifungia kwenye choo cha shangazi mpaka jioni. Shujaa kweli! Mimi nilimng'ata mtu mkono mpaka nikaonja damu. Nikaokota jiwe, nikampiga mwingine mgongoni, nikampiga tena alipokuwa ameshageuka kukimbia. Niseme ukweli hapa kwa sababu sina pengine pa kuusema: niliona raha. Ningekuwa na panga ningekata mtu.

Halafu nikamwona Ochola. Alikuja akitambaa, amelowa damu, macho yote mawili wazi, akajilaza juu ya Mutua huku akipiga kelele, "Muacheni! Ni mgeni, hajui! Muacheni!" Lakini kuna rungu lilikuwa limeshaanza kushuka. Likatua kwenye jicho lake la kushoto. Aliyelishika alikuwa Onyango, mdogo wake wa tumbo moja. Nilikuwa karibu hivi, ningeweza kumgusa. Onyango akalitupa lile rungu akakimbilia mahindini. Ndipo wengine wakasimama.

Mutua tulimrudisha Kenya, tukamleta hapa. Taya limefungwa kwa waya na hawezi kusema hata neno.

Leo asubuhi Ochola akaja na mama yake. Nusu ya kichwa imefungwa bandeji. Wauguzi wakaanza kunong'onezana, na mimi nikashika kile kistuli cha wageni, nikisema potelea mbali, akimgusa nampasua. Kumbe alitaka tuongee. Akanivuta kando kwenye veranda.

"Jicho limetolewa, dada," akasema. "Nyumbani wanasema ni ile chupa. Acha iwe chupa. Huyu kijana wako ataenda kwao Machakos, hatawaona tena. Onyango atabaki na mama, na mama juzi tu amemzika mume. Wewe ndiwe peke yako uliyeona."

Nilikubali. Mtu ameokoa maisha ya mpenzi wangu, ningemkatalia nini?

Tuliporudi ndani, mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika mkono wa Mutua kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa anamwambia kwa Kiswahili, polepole, ili aelewe kila neno: "Mwanangu, umemtoa mtoto wangu jicho. Lakini hukujua. Mimi nimekusamehe. Mungu pia akusamehe."

Mutua alikuwa hajui habari za jicho. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alimtazama Ochola, akaitazama ile bandeji, akatoa mlio kooni ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Kisha akauchomoa mkono wake akaanza kujipiga ngumi. Kwenye taya lilelile. Moja, nyingine, nyingine, damu ikaanza kupita katikati ya waya, na mimi nang'ang'ana na ule mkono na ananishinda nguvu.

"Si wewe!" nikapiga kelele, wadi nzima ikageuka. "Mutua, si wewe! Chupa haikugusa jicho! Alipigwa na mtu wao!"

Mkono ukasimama.

"Nani?" mama akauliza.

Ochola alinitazama kwa jicho lililobaki akatikisa kichwa, kidogo sana. Nilikuwa bado nimeikumbatia ngumi ya Mutua kifuani kwangu. Nilijua nikinyamaza ataona nimemdanganya ili nimtulize, na ataanza tena.

Nikasema, "Onyango."

Mama hakupiga ukunga. Alikaa chini sakafuni, akamuuliza Ochola kama ni kweli. Ochola akamsaidia kuinuka, wakaondoka bila kutuaga.

Sasa Mutua amelala, na mikono yake imetulia juu ya shuka. Onyango yuko nyumbani Shirati, labda anachunga, labda anakula, na mama yake yuko njiani anamrudia.

Hivi ningenyamaza?