Ulimi Wako na Kaburi la Mama

Doto, pacha wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulitukanwa hadharani. Na wanaosoma wajue anayeandika ni Kulwa wa Igogo, dereva aliyelala Lusaka, Lubumbashi na Kampala. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kwa mdomo hakuna wa kunishinda. Isipokuwa siku ile.

Tulifanana mpaka mama akatufunga nyuzi za rangi mikononi. Ila mwoga nilikuwa mimi. Wewe ulilamba betri ya redio, ukajirusha ziwani kutoka mwamba ambao hata wakubwa waliukwepa, ukaibuka pua inatoka damu, unacheka. Nikakuuliza unatafuta nini. "Kulwa, kichwa changu kina kelele. Nikiumia ndipo kinanyamaza." Nikakucheka, mjinga mimi. Leo nawajua madereva wanaokimbiza malori kwenye kona kwa kiu hiyohiyo, na wao tunawaita wanaume.

Mwaka jana ukarudi kutoka Nairobi ulimi umepasuliwa katikati, ncha mbili. Mimi niliruka na kiti. Mama akakusogelea.

"Hebu utoe tena. Ugali unashuka?"

"Unashuka, mama."

"Basi nawa, ule."

Kesi ikaisha! Sasa mjomba ni nani hata aifungue tena siku tunamzika mama? Ulimpa shikamoo, marahaba hakuitoa. Ulipoinama kuchota udongo akafoka: "Wewe mwenye ulimi wa nyoka, hutupi kitu kwenye kaburi la dada yangu!" Nyoka! Yeye, ambaye kifua chake kimejaa chale alizochanjwa na babu, baba yao yeye na mama, aliyekuwa anajizungushia chatu shingoni kwenye ngoma za mavuno huku akina mama wakipiga vigelegele! Wembe wa babu heshima, wa kwako shetani?

Ukasema, "Sawa, mjomba." Udongo ukakudondoka mkononi, ukaondoka. Na mimi bingwa wa maneno nikatazama viatu vyangu. Hapo ndipo hasira yangu inaponichoma. Sura yako ni yangu, Doto. Niliogopa nikifungua mdomo, watanitazama mimi wakuone wewe.

Sikudanganyi, ulimi wako bado unanitisha. Kelele zikikuzidi tena, nitafute kabla hujatafuta kisu. Nitakusikiliza, hata kama kwangu mimi kufunga mdomo ni ugonjwa.

Jana fundi alileta saruji ya kujengea kaburi. Nikaikalia mifuko.

"Kulwa, unachelewesha kazi," mjomba akasema.

"Shikamoo, mjomba. Kaburi hili halijengewi mpaka Doto atupe udongo wake. Ulimi wake ukikutisha, tazama pembeni."

Watu wote walisikia, nilihakikisha. Ameondoka amenuna, na anune.

Nakuaga hapa, mkono umechoka, hasira bado. Fundi anauliza arudi siku gani. Nimemwambia siku ataitaja Doto.

Pacha wako,
Kulwa