Shahidi Aliyekula kwa Jaji

Milbruk, Ohio
20 Juni 1968

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekwisha. Najua Matrah sasa ni joto la kulala nje, juu darini. Goti la mama linaendeleaje? Na dada yangu Muhsina bado kaninunia kwa kutomjibu? Mwambie mitihani ndiyo iliyonifunga mikono.

Uliniuliza hawa ninaokaa kwao ni watu gani. Mwenye nyumba ni jaji wa korti ya wilaya hapa, Bwana Whitcomb, mzee wa miaka sitini na moja. Chuo kiliyaomba makanisa yawapokee wanafunzi wa kigeni, akanichukua yeye, na tangu mwaka juzi hajataka kodi wala pesa ya chakula. Mkewe, Bi Edna, alipojua kwamba sili nguruwe alinunua kikaango kipya akakipaka rangi nyekundu kwenye mkono, kisije kikachanganyika na vyao. Mama asiwe na wasiwasi.

Ni watu wa dini hasa. Hawagusi ulevi, hawakosi kanisani, na Jaji husoma Biblia kabla ya gazeti. Kisiasa ni mhafidhina: anaona nchi yake imepoteza adabu, fujo kila mji, wakubwa hawasikilizwi. Mwaka huu wanachagua rais, na wiki mbili tu zilizopita mmoja wa waliokuwa wakiutaka urais kapigwa risasi akafa. Watu wana khofu. Wengi wanawalaumu majaji wakuu wa Washington, hasa kwa kule kuzikataza skuli za serikali kuwasomesha watoto dua asubuhi.

Sasa sikiliza jambo ambalo hutaliamini. Hapa majaji nao wanapigiwa kura! Jaji Whitcomb amekaa kitini miaka kumi na minane, na Novemba itabidi awaombe watu wamrejeshe. Na mbele yake ipo kesi. Mama mmoja mjane ameishitaki skuli ya hapa kwa sababu bado wanasoma dua darasani, na binti yake, ambaye si wa madhehebu yao, husimamishwa nje mpaka wamalize. Mji mzima unataka dua ibaki. Na Jaji mwenyewe anataka ibaki.

Mwanao mtiifu,
Thabit


Matrah
22 Mfunguo Saba 1388 (18 Julai 1968)

Mwanangu Thabit,

Waalaykum salaam. Barua imefika na sisi sote hatujambo. Goti la mama'ko huwa zima akisikia jirani anagombana, akakimbilia dirishani. Siku nyengine zote linauma. Muhsina amekusamehe kwa sharti umletee picha ya theluji.

Kadhi kuomba kura! Nimecheka mpaka mama'ko kaja kuniangalia. Mwanangu, mimi nimekuwa karani wa kadhi Pemba miaka kumi na tisa, kabla ya yale mapinduzi ya mwaka sitini na nne kutuleta huku Oman. Nimeona masheikh wazima wakijificha shamba wiki nzima kwa kusikia wanatafutwa wapewe ukadhi. Aliyeutaka mwenyewe ndiye aliyenyimwa. Huyo wako anabandika picha yake ukutani kama sabuni?

Hata hivyo sitaki kumcheka sana. Kile kikaango kimenigusa. Mtu anayemfikiria mgeni mpaka jikoni si mtu wa ovyo. Niandikie alivyoamua hiyo kesi, maana hapo ndipo nitamjua.

Wewe ulikuwa skuli, labda hukuijua vizuri kazi yangu. Shahidi akitajwa kortini, mimi ndiye niliyetumwa mtaani kwake kuuliza: mkweli huyu? Ana ugomvi na nani? Na la mwanzo kabisa, anakula kwa nani? Kwa kadhi wangu, aliyekula kwa mtu hakuweza kumshuhudia mtu yule. Nimewarejesha wengi mlangoni, na wao wenyewe wakafahamu wakenda zao bila ya kinyongo. Siku hizi nawaandikia wafanyabiashara wa hapa Matrah barua zao, na kazi ile naikumbuka sana.

Ni mimi baba yako,
Sleyum


Milbruk, Ohio
3 Septemba 1968

Baba yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Ni mzima, ila moyo umejaa. Picha ya Muhsina imo humu ndani, ya mwaka jana. Yule aliyezama mpaka magotini ni mimi.

Jaji ameamua. Ilikuwa Ijumaa, na korti ilifurika mpaka watu wakakaa ngazini. Alisoma ukurasa mmoja tu. Alisema: "Mimi nasali kila siku, na ningefurahi kila mtoto wa mji huu angesali. Lakini nilipopewa kiti hiki niliapa kuifuata sheria, sikuapa kuifuata nafsi yangu. Skuli iache dua hiyo, na mtoto arudi darasani." Mtu mmoja akapiga kelele, "Na Mungu je?" Jaji akamjibu kwa upole kabisa, "Hajafukuzwa na mtu, bwana. Kaa."

Baba, nilisimama nyuma pale. Sijapata kumwona mtu akiipinga roho yake mwenyewe hadharani namna ile, bila ya kujisifu wala kulalamika. Usiku wa kuamkia siku ile nilimsikia akitembea chumbani kwake mpaka karibu ya alfajiri.

Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida. Benchi lake lilibaki tupu kushoto na kulia. Aliimba kwa sauti ile ile mbaya ambayo Bi Edna humkanya kila wiki.

Sasa pana wakili anayegombea kiti chake, naye anaahidi kwamba akikipata, dua itarudi. Na mtaani wananong'ona kwamba Jaji amebadilishwa na Mwislamu aliyemweka nyumbani. Nilimwambia nitahama. Akanijibu kwamba kitanda changu kiko pale pale na supu inapoa. Rafiki zake wanataka nisimame kwenye mkutano wa tarehe 19 Oktoba niwaeleze watu nilivyomwona. Nataka sana, baba, kuliko ninavyoweza kusema. Lakini nimeikumbuka barua yako. Nifanye nini?

Mwanao,
Thabit


Matrah
2 Rajabu 1388 (24 Septemba 1968)

Mwanangu Thabit,

Waalaykum salaam. Tunakuombea dua sote. Nakuandikia upesi ili niiwahi posta ya Maskati kabla lango la mji halijafungwa, kwa hivyo usiyaangalie maandishi yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu barazani mbele ya wenzangu wanne. Nilipofika pale pa "sikuapa kuifuata nafsi yangu", Sheikh Mahfoudh alivua miwani akafuta macho, na Sheikh Mahfoudh unamjua, hata mazikoni halii. Akasema, mtu huyu kakosa nini hata asiwe wetu? Mimi nimewahi kukaa chini ya makadhi watatu, wote wema, na sikumbuki siku iliyonipa fakhari kama niliyoiona kwa huyu mzee wa Ohio ambaye simjui hata sura.

Kuhama usihame. Atadhani umewaamini wanong'onaji.

Lakini kumshuhudia, usithubutu. Miaka miwili unakula kwake, unalala kwake, kodi hutoi. Ushahidi wako hautamsaidia, utamtia doa, watu waseme amemlisha shahidi wake. Ukiulizwa, sema kweli: mimi nakula kwa mtu huyu, siwezi kumshuhudia. Waadilifu watafahamu. Najua inakuuma, na mimi nakuamuru hivyo kwa kumheshimu yeye.

Ni mimi baba yako,
Sleyum


Milbruk, Ohio
7 Novemba 1968

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Sina ugonjwa. Nimeanza barua hii mara nne.

Barua yako iliwahi. Siku ya mkutano ukumbi wa wazima moto ulijaa. Mimi nilikaa nyuma nikiomba nisionekane. Rafiki zake wakasema waliyosema, kisha akasimama bibi mmoja mtu mzima, mwema tu, wala hakuwa na shari. Akanigeukia: "Kijana, wewe unaishi naye. Tuambie, huyu mtu anamcha Mungu au hamchi?"

Nikasimama. Nikasema kama ulivyoniambia, kwa Kiingereza safi kabisa: "Samahani, mama. Mimi nakula kwake. Siwezi kumshuhudia."

Baba, hakuna aliyefahamu. Yule bibi akakaa polepole na huruma imemjaa usoni, akidhani kuna jambo baya nalificha kwa sababu ya chakula ninachopewa. Nikataka kueleza, lakini mwenye mkutano alikwisha kumwita mtu mwengine. Asubuhi yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa: MPANGAJI AKATAA KUMTETEA JAJI.

Juzi wamepiga kura. Rais wamempata, na Jaji Whitcomb ameshindwa kwa kura sitini na tatu. Watu sitini na tatu, baba! Hawajazi hata nusu ya ukumbi ule.

Alimpigia simu mshindi wake akampongeza. Kisha akaosha vyombo, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Mimi nikamfuata jikoni nikamweleza yote, kazi yako ya Pemba, kanuni yako, barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imo ndani ya povu. Akasema, "Ningelikuwa na karani kama baba yako, ningelala vizuri zaidi miaka hii yote." Hakunilaumu hata kwa jicho. Ingekuwa afadhali kama angenilaumu.

Thabit


Milbruk, Ohio
2 Januari 1969

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na idi njema iliyopita. Wiki nane tangu nikuandikie, na sijapata jibu lako. Niliandika kwa mama, akajibu Muhsina kwamba wewe ni mzima ila huzungumzi sana, na kwamba barua yangu umeiweka ndani ya msahafu.

Kama ulidhani nakulaumu, sivyo. Niliandika vibaya kwa sababu nilikuwa na uchungu. Juma lijalo Jaji anatoa vitu vyake kortini, na mimi nitamsaidia kubeba. Mjini sasa wapo wanaomwamkia tena. Yule mjane alimletea mkate alioupika mwenyewe, akauacha mlangoni asionekane.

Niandikie, japo mstari mmoja.

Mwanao,
Thabit


Matrah
6 Mfunguo Pili 1388 (25 Januari 1969)

Mwanangu mpenzi Thabit,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mimi ni mzima wa mwili. Mama'ko anakusalimu, na Muhsina, na Sheikh Mahfoudh anakuulizia kila siku mpaka nimeanza kumkimbia.

Sikukuandikia kwa kuona haya. Ramadhani nzima nilikuwa nikisimama kusali na ukumbi ule unanijia. Nilikosa, mwanangu, na nnataka uyasome haya kwa mkono wangu. Kanuni yangu ilikuwa njema pale ambapo kila mtu aliijua. Pemba mtu akisema "nakula kwake", watu humheshimu kwa kukaa pembeni. Mimi nikaichukua nikaipeleka kwa watu ambao hawajaisikia tangu wazaliwe, na sikukupa hata neno moja la kuwaeleza. Mwanafunzi anayeanza chuo angelifikiria hilo. Karani wa miaka kumi na tisa hakulifikiria, kwa sababu alikuwa amefurahi mno kuulizwa. Mzee wa watu kapoteza kiti chake, na wewe umevaa aibu isiyokuwa yako. Nisamehe. Kwake sijui niombe vipi.

Nimeandika karatasi ya pili, imo humu. Nimeiandika kwa Kiarabu, kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiyaandikia kadhi: kwamba mimi, Sleyum, mkaazi wa Matrah, namshuhudia Bwana Whitcomb wa Ohio kuwa ni mtu mwadilifu, mwenye kumcha Mungu, anayehukumu kwa haki japo dhidi ya nafsi yake, na kwamba dhamana ya watu ni salama mikononi mwake. Nimetia saini na tarehe. Mfasirie polepole, usiruke neno.

Najua uchaguzi umekwisha na karatasi hii haimrejeshei kitu. Na najua haisihi kisheria. Mtu huyu simjui, sauti yake sijaisikia, na yote nnayoyashuhudia nimeyapata kwa mtu mmoja tu, naye ni mwanangu, na anakula kwake. Ingeliletwa mbele yangu wakati ule, ningelimrejesha mwenye kuileta kabla hajavua viatu.

Nimeitia saini hivyo hivyo. Naye ni mwanasheria, lazima ataliona kosa na atakuuliza: baba yako amethubutu vipi kunishuhudia? Mwambie, baba yangu ananiamini.

Ni mimi baba yako,
Sleyum