Sahani ya Mshika Sindano

Mama Hadija, mwenzangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi yako siwezi kuiuliza. Basi nianze na yangu. Mimi mzima, miguu inavimba jioni kama kawaida, na fremu yetu ya biashara hapa Mkonze bado iko wazi. Hilo la mwisho ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla hujaitikia salamu.

Leo ni kesho yake ya Krismasi. Wageni wangu wa Mvumi wameondoka asubuhi na mabegi yao na zabibu zao, nyumba imetulia, nami nimekuja kukaa huku kwenye fremu, kwenye kiti changu. Nasema kiti changu kwa makusudi, utaelewa huko mbele.

Kwanza ucheke kidogo. Siku hizi nachora mwenyewe. Ndiyo, mimi, ambaye ulinikataza penseli kabisa ukaniachia kazi ya kushona tu. Yule mwalimu anayependa tausi kwenye foronya alirudi kutaka wengine, na nani wa kumchorea? Nikachora. Tausi wangu wanafanana na kuku waliotoka kuugua. Akawapokea hivyo hivyo, nadhani kwa heshima yako. Mahali nilipoharibu zaidi nilifanya ulivyonifundisha: "Ukikosea usifumue, ongeza jani." Hao tausi wanatembea porini, Mama Hadija. Majani yamewafika shingoni.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari za tausi. Nataka kukueleza ya sikukuu.

Unakumbuka makubaliano yetu yalivyoanza. Tulikuwa ndiyo kwanza tumepanga hii fremu, mimi mshonaji wa vitambaa vya makochi, wewe Mrangi uliyehama na sindano zako kutoka Kondoa, hatujazoeana hata kutaniana. Krismasi ikaja na mashuka ya bibi harusi hayajaisha, na kwangu ukoo mzima wa Mvumi unasubiri kupikiwa. Nikaanza kulia mbele yako bila aibu. Ukanitazama juu ya miwani, ukasema, "Sikukuu yako, sindano yangu. Sikukuu yangu, sindano yako. Nenda kapike." Nikaenda. Na tangu siku hiyo mlango huu haujawahi kufungwa sikukuu, Idi wala Krismasi, maana siku zote mmoja wetu hana sikukuu.

Sahani nilianzisha mimi. Niliona haya, mtu akushonee siku yako halafu ale makombo ya wageni wako. Nikaweka sheria nyumbani kwamba chakula cha kwanza kutoka jikoni ni cha mshika sindano, na hakuna mgeni wa kugusa sufuria, hata awe mchungaji, mpaka sahani hiyo imefika fremu na imeliwa. Ile sahani ya bati yenye maua ya bluu, iliyobanduka rangi ukingoni. Ikienda kwako Krismasi ilibaki kwako mpaka Idi, ukanirudishia na pilau. Hairudi tupu, ulisema. Ikitoka kwangu uliipenda zaidi kwa sababu ya mlenda niliokuwa nakuwekea pembeni. Mrangi gani wewe, unalamba mlenda kuliko Mgogo, halafu mbele za watu unasema hiyo si mboga ni utelezi.

Ukaondoka wiki chache kabla ya Ramadhani. Tulikuzika kwenu Kondoa, na sitaandika ya siku ile. Ilikuwa zamu ya sahani kuwa kwako.

Idi ilipofika sikujiuliza mara mbili. Watu wanatoka kuswali, mimi nafungua mlango. Kiti chako kilikuwa kitupu, nami tangu msiba nilikuwa nakikwepa hata kukipangusa. Siku ile nikasema hapana, kisikae kitupu siku ya Idi, watu wapite waone kana kwamba hukuwahi kuwepo. Nikakikalia. Nikavaa na subana yako, kile kikofia chako cha kidole, ingawa kwangu kinapwaya. Nikashona nikisubiri sahani, kwa kuwa nilijua mwanao Hadija amekuja nyumbani kwako kula Idi na shangazi zake.

Adhuhuri ikapita, sahani hakuna. Nikasema labda pilau limechelewa. Ikaadhiniwa alasiri, hakuna. Nami asubuhi nilikuwa sijala, naiachia nafasi, mjinga mimi. Jioni nikafunga mlango, nikanunua chipsi pale kona, nikazila nimesimama. Usicheke. Hiyo ndiyo Idi yangu ya kwanza bila wewe, mimi na chipsi.

Haikuniuma kwa sababu ya njaa. Mimi na wewe hatukuchangia tumbo, wala kabila, wala nyumba ya ibada. Kilichotufanya ndugu kilikuwa ile sahani inayokwenda na kurudi. Nikaona ikikomea hapo, basi mimi kwa Hadija nimebaki yule mama aliyekuwa anafanya kazi na mama yake, na tukikutana njiani tutaamkiana tu na kupita. Niliogopa hilo kuliko kuifunga fremu. Na mtu wa kumwambia hivyo alikuwa ni wewe.

Miezi ikaenda. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, adabu yake unaijua, shikamoo mama mdogo, niko kazini, nitakutafuta. Huko ofisini kwake Chimwaga siku haziishi, nikajiambia. Idi kubwa akaenda kuila Kondoa. Hakunitafuta. Na mimi na hiki kichwa changu cha Kigogo nikanyamaza. Nikasema nikiuliza sahani nitaonekana nadai chakula.

Krismasi ikakaribia na mambo yaleyale, utadhani yamepangwa. Mashuka ya harusi, shangazi wa bibi harusi atayachukua mchana wa sikukuu, ukoo wa Mvumi uko njiani. Mume wangu akaniambia mwaka huu funga, watu wataelewa una msiba. Nikamjibu mlango utafunguliwa. Akauliza na nani. Nikaingia jikoni.

Mbuzi nikampeleka kwa yule mzee jirani Mwislamu akamchinje, kama miaka yote, ili nawe ule bila wasiwasi. Baba mdogo wangu kutoka Mvumi, yule unayemwita Mzee Njaa, akasimama na fimbo yake akasema, "Mwenyewe hayupo. Mwaka huu tunamchinjishia nani?" Alisema kwa upole, hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia sheria ya nyumba ni sheria ya nyumba. Chakula kilipoiva mkono wangu ukapakua sahani ya kwanza kabla akili haijaukataza. Sahani nyingine, maana ile yetu haikuwepo. Wali, nyama, mlenda pembeni. Nikaifunika na kile kitambaa ulichonidarizia maua ya zambarau, nikawaambia wageni wasubiri, nikatoka nayo. Nilikusudia kufika, kufungua mlango, kula mwenyewe haraka haraka kwenye kiti chochote, nimalizie foronya moja iliyobaki, nimkabidhi yule mama mzigo wake, nirudi kwa wageni. Nilikuwa nalia njiani, nakwambia kweli. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, matope, mimi na sahani na machozi.

Nikakuta mlango wazi.

Nikadhani wezi. Nikachungulia. Hadija wako amesimama mezani na pasi mkononi, amejifunga kanga yako ya kazini, mashuka yote ameyanyoosha na kuyakunja kama ulivyokuwa unakunja, ile mara tatu na pembe ndani. Ufunguo wako alikuwa nao siku zote, nami sikuwahi kuufikiria. Akaniamkia shikamoo, kisha akasema, "Kudarizi sijui, mama mdogo. Lakini mlango najua kuufungua."

Na mezani, mbele yake, ile sahani ya maua ya bluu, imeoshwa, ina maandazi. Nikaitazama ile sahani mpaka sahani niliyoshika ikaanza kuinama, akanipokea.

Akaniambia mwenyewe, sikumuuliza. Siku ile ya Idi alipakua. Alipakua kabla shangazi zake hawajakula, akaibeba, akafika mpaka pale kwa fundi viatu, mlango wa tatu. Akaona mtu kwenye kiti chako, ameinama kama wewe, subana kidoleni. Akarudi na sahani ileile nyumbani, akajifungia. Tangu hapo kila akitaka kuja anaona haya kwamba hakuleta, na kadiri siku zinavyokwenda haya inaongezeka. Nikamwambia nilikikalia ili kisikae kitupu. Akasema, "Mimi nilitaka nikikute kitupu, mama mdogo. Idi moja tu."

Ningejua. Mama Hadija, mimi nilidhani nakuenzi, kumbe nimemzibia mtoto mahali pa kulilia. Tulilia sote wawili pale, kwa sauti, bila kujificha, mpaka nikasikia harufu.

Pasi. Alikuwa ameiacha juu ya foronya, ile iliyobaki. Haikuungua, namshukuru Mungu, lakini lilifanyika jambo ambalo wewe ungezimia: foronya ilikuwa haijafuliwa, mistari ya kaboni niliyochorea bado ipo, na pasi ikaigandisha. Bluu tupu, pembeni mwa kila ua, haitoki kwa sabuni yoyote. Hadija akajishika kichwa, akaanza kuomba radhi. Na mimi, unajua nilichofanya? Nikacheka. Kicheko cha kwanza cha kweli tangu uondoke. Nikatafuta uzi wa kijani.

Nikamwambia kaa. Akatazama kiti chako, akanitazama mimi. Nikamwambia kaa hapo, ndicho kilicho karibu na mwanga. Akakaa. Nikavuta changu, tukabana kitambaa kwenye duara la mbao, nikamuonyesha mshono wa jani, unatoka katikati unakwenda pembeni, usivute sana. Majani mengi nilishona mimi. Matatu ni yake. La kwanza linafanana na samaki, hilo siwezi kukudanganya. La tatu ni jani.

Tukiwa hapo akaingia Mzee Njaa na fimbo yake, matope mpaka magotini. Wageni nyumbani hawajagusa kitu, sufuria zinapoa, wanaheshimu sheria yangu mpaka watoto wanalia. Akanitazama, akamtazama Hadija kwenye kile kiti, akaona sahani yenye mlenda haijafunuliwa. Akavua kofia. Akasema, "Mjukuu wangu, kula basi. Watu wa Mvumi wanakufa njaa kwa ajili yako." Hadija akala. Akala chote, na mlenda akaufuta kwa kidole. Damu yako hiyo, usikatae.

Shangazi wa bibi harusi akaja, akageuza foronya huku na huku. Akasema hakumbuki kuagiza majani, lakini yabaki. Tukamkabidhi, tukafunga, tukaenda nyumbani sote kula Krismasi, na Mzee Njaa akamwelezea Hadija habari za mifugo yake mpaka mzee mwenyewe akasinzia katikati ya sentensi.

Ndiyo hivyo. Nakukumbuka, Mama Hadija. Nakukumbuka kwenye vitu vidogo, nikikata uzi kwa meno nakusikia ukiniambia tumia mkasi. Sijui kama huko mnapata habari za huku. Kama mnapata, basi barua hii ni ya kukuthibitishia tu, na kama hampati, ujue sasa kwamba mwanao amekaa kwenye kiti chako na hajaanguka.

Jana jioni alipokuwa anaondoka nilitaka kumuoshea sahani yetu ya bluu niiweke kabatini kwangu. Akaniomba. Akaifunga kwenye kanga yako, akaitia kwenye mkoba wake wa ofisini pamoja na makaratasi. Nikamwambia mbona leo umeileta na maandazi, deni limeisha, iache tu. Akatikisa kichwa, akasema maandazi yalikuwa ya Idi iliyopita.

Lala salama, mwenzangu. Idi nitafungua mlango mapema, watu hata hawajatoka kuswali. Kiti chako nitakiacha kitupu, nitakaa kwenye changu, nitashika sindano. Na asubuhi hiyo sitakula kitu.

Mgogo wako,
Debora