Bibi Skola na Jina la Mumewe

Magamba, Mpanda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, bado unakuamsha alfajiri? Na kahawa, mmemaliza kuchuma? Sisi huku ni wazima, ila mvua imechelewa na mahindi yamebaki mafupi. Cherehani inanilisha, Mungu ashukuriwe.

Mama, unajua nisivyoweza kukaa na swali. Jumuiya yetu ya kusali imekuwa kubwa, tukaigawa, na ile mpya ikahitaji jina la mtakatifu. Katibu akasema, tuhangaike nini wakati tunaye shahidi wetu? Alimaanisha marehemu mume wa Bibi Skola, jirani yangu, mama mtu mzima aliyetoka Burundi siku nyingi. Mumewe alikuwa katekista huko kwao. Wakati wa vita ya kule, wauaji walimtaka awatoe watu waliojificha kanisani, akakataa, wakamuulia mlangoni. Tukapiga makofi wote, nikapewa kitambaa nishone bendera. Bibi Skola siku hiyo hakuwepo, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Nilikuwa nimeshakata herufi za jina ndipo nikaanza kuwaza. Bibi Skola hakosi misa, lakini komunyo hapokei. Na tukisali Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea ananyamaza, halafu anaungana nasi mbele. Mke wa shahidi, imekuwaje? Nikabeba herufi zangu nikamfuata.

Nilimkuta anapepeta maharage. Akazitazama zile herufi, akaniambia niziweke chini. Akanisimulia kwamba siku ile alikuwa amejificha kwenye migomba, karibu kabisa, akasikia yote. Aliyempiga mumewe ni kijana ambaye mumewe huyohuyo alimfundisha katekisimu. Na mumewe alimwita kwa jina, akamwambia amemsamehe.

"Nyie mnamwita shahidi, na ni kweli," akasema. "Yeye alikufa ameshasamehe. Mimi niliyebaki, kila siku namuombea yule kijana kifo. Mkiita jumuiya jina la mume wangu, mtakuwa mnanitonesha kidonda kila wiki."

Nikamuuliza, je, hiyo chuki bado anaitaka? Najua, Mama, ungekuwepo ungenifinya. Akasema amechoka nayo, ila nguvu ya kusamehe ameisubiri miaka yote na haijaja.

Jina lenyewe paroko alilikataa, maana Kanisa halijamtangaza yule marehemu kuwa mtakatifu. Herufi zangu zimekwenda bure, na katibu bado amenuna. Lakini wiki hiyohiyo tulisali nyumbani kwa Bibi Skola, na wakati wa maombi yeye mwenyewe akaomba kwa sauti, akimtaja yule kijana kwa jina, Yesu amsamehe. Nikamshika mkono. Kabla ya misa ya Jumapili akaenda kuungama, akapokea komunyo. Nililia mbele za watu, wala sioni haya.

Basi nikamfuata tena, nijue hiyo nguvu hatimaye ilitoka wapi.

"Haikuja," akasema. "Nilimwambia Yesu, mimi siwezi, msamehe wewe. Nilipofungua mdomo kumuombea, nikaona na mimi nimeachiliwa. Yule kijana hata hajui kama niko hai, mwanangu, na mimi alinifunga miaka yote hiyo."

Maneno hayo nayazungusha kichwani hata ninaposhona. Juzi nimemwekea mteja mfuko wa suruali kwa nje.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi wa pale sokoni, na mwalimu wetu wa kwaya. Na nisalimie mjomba, ndugu yako. Najua hakuja kumzika baba, na tangu siku hiyo nyumbani hatumtaji. Nami sikuambii usahau. Ila salamu hizo, Mama, usimtume mtu. Naomba umpelekee mwenyewe.

Ni mimi mwanao, mwenye maswali yasiyoisha,
Editha