Vumbi, Wimbi na Koti la Kijivu

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la cherehani.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Bi Kwanini,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko uliotokea mahali fulani, kama mtungi wa gesi unavyolipuka jikoni, halafu vipande vikatawanyika. Baba yako naye yumo humo. Kila siku ananiuliza mahali penyewe ni wapi, kila siku namjibu, na kesho yake anauliza tena kama vile jana hatukuonana.

Lakini nimetanguliza makosa kabla ya salamu. Nisamehe, huo ni uchovu. U hali gani, mwanangu? Unalala? Huko mlimani kwenye darubini yenu baridi imepungua, au bado mnavaa soksi mbili mbili? Kifua kimepona? Sisi ni wazima, uzima wa kizee: magoti yangu hupanda ngazi kwa mapatano, na umeme hukatika pasi ikiwa ndiyo kwanza imepata moto.

Ujumbe wako niliupata. Maneno machache tu: kwamba wimbi mlilotangaza limekuwa vumbi, kwamba unaacha kazi, na kwamba nisimwambie baba. Tangu hapo hupokei simu, yangu wala yake, ndiyo maana nimeshika kalamu. Sikumwambia. Aliyemwambia ni kinyozi wa mlango wa pili, ambaye redio yake haizimwi.

Alikuja akasimama mlangoni, taulo begani. "Fundi, wamesema wimbi la binti yako lilikuwa vumbi."

"Vumbi liko kwenye hiyo taulo yako," baba yako akajibu bila kuinua macho.

"Si mimi, ni redio."

"Redio haikumzaa. Akiniambia mwenyewe, nitasikia."

Kinyozi akanitazama mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, nimsaidie. Nikajifanya natafuta sindano.

Usimlaumu kinyozi. Baba yako alikuwa amemweleza kila mteja kwamba binti yake ameona alama za ulimwengu ulipozaliwa, na alichagua kuwaeleza wakati utepe umewazunguka kiunoni, hawana pa kukimbilia. Habari ilikuwa lazima irudi kwa njia ile ile iliyopitia.

Nikaona afadhali kwanza aelewe mlikuwa mnatafuta nini. Jumatano nilichukua lastiki ya kiunoni, nikaitia alama za kalamu, nikaivuta mbele yake. Nikamwambia achague alama moja, asimame hapo kwa mawazo. Alama nyingine zote zinamkimbia, na iliyo mbali inakimbia zaidi. Akihamia alama ya pili, mambo ni yale yale. Hakuna alama inayoweza kujiita kitovu, kwa sababu hakuna kilichorushwa kutoka mahali. Lastiki yenyewe ndiyo inayotanuka.

"Kitovu hiki hapa," akasema, akagusa katikati ya mikono yangu.

Nikamwambia mikono yangu haimo kwenye hesabu, afikirie lastiki isiyo na ncha.

"Lastiki isiyo na ncha siwezi kuishona kwenye suruali ya mtu, dada."

Nikakaa chini.

Hata hivyo niliendelea, unanijua. Nikamweleza kwamba mwanzoni kabisa, katika muda ambao kupepesa jicho mbele yake ni umri mzima, nafasi yenyewe huenda ilitanuka kwa ghafla isiyo na mfano. Kama kweli ilitanuka hivyo, ilibaki na mitetemo, nayo ndiyo mawimbi ya mvutano ya kale. Hapo nikachukua kipande cha kitambaa nikakivuta mshazari, pembe kwa pembe. Kikarefuka huku, kikabana kule. Nikavuta pembe zile nyingine, kikageuka. Nikamwambia wimbi la mvutano likipita hufanya hivyo hivyo kwa kila kilichomo njiani, kurefusha na kubana kwa zamu. Hilo alilielewa upesi, akaanza kunilalamikia sketi ya mteja iliyoning'inia upande mmoja mwaka juzi. Nikashukuru hata kwa hiyo sketi.

Mawimbi yenyewe leo ni dhaifu mno, hakuna chombo cha kuyahisi. Ninyi mlitafuta alama yake: msokoto mdogo, kama nywele za utosini zinavyojizungusha, ndani ya nuru kongwe kuliko zote, ile iliyoanza safari ulimwengu ulipoacha kuwa ukungu wa moto. Tatizo ni kwamba vumbi lililotapakaa kati ya nyota zetu hizi hizi nalo hutoa nuru yenye msokoto. Anayetaka kuvitenganisha hana budi kutazama kwa rangi zaidi ya moja za nuru, jinsi baba yako anavyotoka na kitambaa hadi mlangoni kwa sababu haiamini rangi yake chini ya taa. Ninyi mlitazama kwa rangi moja, mkaharakisha.

Sasa nikwambie wewe ambalo yeye sikumwambia. Msokoto mlioupima upo. Hamkuutunga, hamkudanganya mtu. Mlikosea jina lake. Na vumbi likishatolewa kwenye hesabu, mtajua kwamba wimbi, kama lipo, haliwezi kuzidi kiasi fulani. Hicho nacho ni kipimo. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba "si zaidi ya hapa" ni jibu kamili, na nusu yao walidhani nawaonea.

Kama utaacha kazi, acha. Sina nguvu za kukushurutisha, na uchovu naujua vizuri kuliko kumbwaga mtu kwa hoja. Lakini uache kwa sababu umechoka. Ukiacha kwa sababu ya aibu, utaikuta umeifunga kwenye sanduku pamoja na soksi.

Jambo lililonikalisha hapa ni jingine. Mkono wa kulia wa baba yako unatetemeka. Nilidhani ni kazi nyingi. Daktari amesema sivyo, na kwamba hautarudi ulivyokuwa. Dawa huutuliza asubuhi. Ikifika mchana kikombe kinagonga kisahani, naye anaongeza sauti ya cherehani ili nisisikie. Kazi ya kukata nguo za wateja amempa fundi wa mtaa wa nyuma. Mezani amebakiza kitambaa kimoja tu, sufu nzito ya kijivu, na bitana yake. Ni koti lako. Alikinunua siku uliyomwambia kwamba huko hata machozi ya upepo huganda.

Hakikati. Unamjua, vipimo havipokei ila kutoka kwa mwenye mwili. Mume hawezi kumletea vya mkewe, wala mama vya binti aliye bwenini. Vyako vya zamani anavikumbuka kichwani, lakini anasema yule alikuwa mtoto, huyu ni mtu mzima anayebeba vyuma. Nilimpa picha yako akadirie.

"Picha haina mgongo," akasema.

Kinyozi akamshauri akate tu, koti likibana atalivaa mdogo wako. Hawakusemezana siku nzima.

Kwa hiyo kila asubuhi anakitandaza kitambaa, anakipangusa kwa kiganja, anaweka mkasi na chaki pembeni, na simu juu ya kitambaa, pale mgongo wa koti utakapokuwa. Halafu anasubiri. Mkono ukianza, anakikunja. Asubuhi zilizotulia zinapungua, mwanangu. Jana mkono ulianza hata hajamaliza chai.

Yeye hasubiri wimbi. Vumbi nalo amekwisha kulisikia, usiogope kulitaja. Nilimwuliza kama amekasirika, akasema atakasirika vipi na mtu ambaye hajui hata upana wa mabega yake. Atakuuliza pia mahali penyewe ni wapi. Safari hii jibu wewe, mimi nimechoka.

Mdogo wako anakusalimu. Amepata kazi ya kufunga mabomba na sasa anatufundisha sote jinsi maji yanavyopita. Mama mkubwa anakusalimu, anasema ule. Kinyozi naye anakusalimu, na anaomba radhi kwa niaba ya redio. Mungu akukinge na hiyo baridi, akupe usingizi usio na hesabu ndani yake.

Leo hii, kabla hujashika jambo jingine, mwombe mwenzako achukue utepe akupime mabega, mgongo, kifua na urefu wa mkono, kisha mpigie baba yako umtajie kwa sauti yako mwenyewe.

Akupendaye hata akiwa hoi,

Shangazi