Nimemuua Kaito Mara ya Nne

Farida shoga yangu, usicheke. Nimeumbuka leo, mtaa mzima wa Ufukoni watanijua.

Unalijua lile gemu langu la hadithi, la kwenye simu. Kaito anaumwa na hataki mkewe ajue. Ukichagua aseme, anatibiwa anapona. Ukichagua anyamaze, anakufa. Leo asubuhi nimemnyamazisha tena. Mara ya nne! Kwa makusudi!

Basi nikalia. Nikalia kwa sauti, shoga, nikasahau dirisha liko wazi.

Mama Odete wa jirani akasikia. Kufumba na kufumbua wanawake saba sebuleni, kanga vichwani, mmoja ana mkeka kwapani, mwingine mikono imejaa unga wa muhogo. "Nani katutoka?"

Nani katutoka, Farida! Niseme Kaito??

Nikasema, "Nimemkumbuka mama."

Mama Odete akanikumbatia. "Lia mwanangu. Siku ya maziko tulikuona unapakua wali tu, hukudondosha hata chozi. Tulijua litakuja."

Uliwahi kuniuliza raha ya kujiliza na gemu ni nini. Ni hivi: Kaito akifa nalia mpaka nachoka, halafu namrudisha. Mama harudi, ndiyo maana sijathubutu hata kuanza kumlilia.

Wakaketi wote wakamlilia mama yangu. Kwa dhati kabisa, mwenye unga mpaka kamasi zikamtoka.

Na mimi nimekaa katikati yao, macho makavu kama siku ile ya maziko.